Viatu Vyangu Kwenye Mnada wa Mavuno

Kama wewe ni mtu mzima, umeshamaliza kukua, na viatu ulivyovaa mwaka jana vimeanza kukubana bila sababu, soma hii mpaka mwisho. Mimi jambo hilo nililifurahia kwa miaka. Nilipigiwa makofi kanisani kwa ajili yake. Leo nikitaka kujua ni nani amekaa upande wangu wa kulia, lazima nigeuze kichwa kizima.

Naitwa Ndunge, mzaliwa wa Kalamba, Makueni. Kama ulikuwa unafuata mpira wa kikapu wa wanawake, basi ulinijua kama Mlingoti. Nilikuwa senta, yule anayesimama chini ya kikapu na kuhakikisha hakuna mtu anapita. Sitajifanya mnyenyekevu hapa, nimechoka na unyenyekevu. Misimu mingi mfululizo hakuna timu iliyokuja kucheza na sisi bila kwanza kukaa chini kupanga watanifanya nini. Walikuwa wananiwekea watu wawili. Mmoja ananivuta jezi, mwingine ananikanyaga, na bado naruka, naokota mpira juu ya vichwa vyao, naurudisha kwenye kikapu. Tena nilikuwa nalipwa, kitu ambacho majirani wa nyumbani hawakukielewa. Walikuwa wanamuuliza mama yangu, "Kwani analipwa kuruka tu?" Naye anawajibu, "Kuruka tu. Wewe ruka tuone."

Niseme mapema: urefu wangu haukuwa ugonjwa. Kuna wazazi wa watoto warefu watasoma hii waanze kulia bure. Babu yangu alikuwa akiinama kwenye kila mlango, na mimi tangu shule ya msingi nimekuwa wa kupangwa nyuma kwenye picha. Huo urefu ni wetu. Ugonjwa ulikuja baadaye, nikiwa nimeolewa, nikiwa kwenye kilele cha mchezo wangu, na ulikuja kwa miguu.

Mwanzo wa kila msimu kampuni iliyotudhamini ilikuwa inatuletea raba mpya. Msimu mmoja zangu zikakataa kuingia. Nikaletewa nyingine za namba kubwa. Msimu uliofuata, zikakataa tena. Kocha wetu, mtu mwenye kelele na moyo mwema, alipiga makofi mpaka chumba cha kubadilishia nguo kikajaa kelele. "Senta wangu bado anamea!" alisema. "Wenzake wanazeeka, yeye anamea!" Timu nzima ikashangilia. Akanisimamisha ukutani anipime, mahali alikuwa ameweka alama yangu nilipojiunga na timu. Nilikuwa palepale, sijaongezeka hata ukucha. Kocha akaangalia, akakuna kichwa, akasema ukuta umepakwa rangi na alama imesogea. Sisi wote tukakubali kwamba ukuta ndio umesogea.

Na mikono vilevile. Nilianza kushika mpira kwa mkono mmoja kama mtu anayeshika chungwa. Zamani nilikuwa nauhangaikia. Kwa senta, mkono wa namna hiyo ni kama kupewa mali. Wapinzani wakipiga mkono wangu ili mpira udondoke, haudondoki. Nilifunga zaidi ya nilivyowahi kufunga. Magazeti yakaandika kwamba nimekomaa.

Sasa nikueleze habari ya mnada. Kanisani kwetu, baada ya kuvuna, kila nyumba huleta mbele kile ilichojaliwa. Watu wanabeba ndengu, mbaazi, maboga, kuku waliofungwa miguu. Mchungaji anaombea, halafu vitu vinatolewa nje na kupigwa mnada, na pesa inaenda kwa ujenzi wa kanisa. Ni siku ya kelele na vicheko, watu wanapandishiana bei kwa utani, mtu ananunua jogoo wake mwenyewe. Mwaka ule mvua ilikuwa imetutoroka, na Mwaitu, ndivyo ninavyomwita mama yangu kwa Kikamba, hakuwa na kitu shambani. Akachukua zile raba zilizonikataa, bado mpya kabisa, akaenda nazo mbele.

"Hii ndio mavuno yangu," alisema kwenye kipaza sauti. "Wengine Mungu amewapa mbaazi. Mimi amenipa mtoto ambaye hajaacha kukua."

Kanisa lilicheka, likapiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele. Mzee Mutua, mmoja wa wazee wa kanisa, ndiye aliyezinunua. Mwaka uliofuata watu wakaanza kuuliza kabla ya mavuno, "Mama Ndunge, viatu vinakuja?" Vikaja. Na mwaka mwingine tena. Ikawa ndiyo kitu cha mwisho kwenye mnada, kile watu wanangojea. Wanaume wa Kalamba wakawa wanatembea kwenda shambani na raba zangu, kila mmoja na mwaka wake, na mimi nikija nyumbani tunataniana njiani. "Hizi zako zinanipeleka mbio, Mlingoti!" Nilikuwa naona fahari. Kwa nini nisione?

Mengine nilikuwa nayajua na sikuwa nayasema. Meno yangu ya chini yaliachana mpaka chakula kinakwama katikati. Sauti ikawa nzito. Nikipiga simu kuuliza kitu, naitwa bwana. Jasho lilikuwa linanimwagika nikiwa nimekaa tu. Mwezi wangu ulikatika, nikaambiwa wachezaji ndivyo walivyo, mwili unachoka. Nikaambiwa na watu ambao walikuwa wanataka niendelee kucheza, na mimi nilitaka kuendelea kucheza, kwa hivyo tulielewana vizuri sana.

Mume wangu, Kioko, alikuwa na banda la kurekebisha matairi ya malori huko Mtito Andei. Kila likizo ya ligi nilikuwa naenda kukaa naye. Alilalamika kwamba ninakoroma mpaka ukuta unatetemeka, tukacheka, halafu akahamia chumba kingine na hatukucheka tena. Siku moja pete ya ndoa ilianza kunikata kidole, kikawa cheusi. Sabuni ilishindwa, mafuta yakashindwa. Akanikalisha kwenye tairi pale bandani, madereva wakiangalia, akachukua msumeno mdogo wa chuma na kuikata taratibu pande mbili, huku ameweka kipande cha bati katikati asiniumize. Aliweka vile vipande viwili mfukoni mwa ovaroli yake na kurudi kwenye lori alilokuwa analishughulikia.

Uwanjani mashabiki wa timu nyingine walianza kupiga kelele, "Toeni huyo mwanaume!" Mwanzoni niliichukua kama sifa. Ukimpiga mtu sana atatafuta kisingizio. Lakini siku moja Kioko alikuwa amekuja kuniangalia, na nikiwa nangojea kurusha mitupo huru nikamtafuta kwa watu, nikaona anaangalia chini.

Macho ndiyo yalikuja mwisho. Na hapa nataka uelewe vizuri, kwa sababu macho hayakuuma, hayakuwa mekundu, wala sikuona giza. Nilichokiangalia nilikiona wazi kabisa, kikapu, mtu, jina kwenye jezi. Ila pembeni kulikuwa kunaisha polepole. Senta anapokea mpira kutoka pembeni, hiyo ndiyo kazi yake. Mimi nikawa napigwa na mpira sikioni. Wenzangu wanacheka, nacheka.

Mwende alikuwa ndiye anayetuletea mpira kutoka nyuma. Ni mtu mfupi, mdomo mkali, mtu wa Kitui, na hakuna ndugu niliyezaliwa naye anayenijua kama yeye. Alianza kuniita kabla ya kutupa. "Mlingoti, kulia! Mlingoti, kushoto!" Hakuna aliyemwambia. Aliona akiita vizuri napata mpira, basi akaita. Baadaye wote wakaanza kuita. Kocha akaipenda, akaifanya mtindo wa timu, na timu nyingine zikatuiga zikidhani ni mbinu mpya. Aki! Timu nzima ilikuwa inanishika mkono kama kipofu anayevushwa barabara, na hakuna hata mmoja aliyejua, pamoja na mimi mwenyewe.

Mahali nilipojua ni Kitui. Tulikuwa tumeenda kucheza mechi ya kirafiki kwenye uwanja wa shule, kiangazi, vumbi limesimama hewani, wanafunzi wamejaa mpaka juu ya ukuta. Nilikimbia nyuma kuzuia, nikageuka, nikagonga mlingoti wa kikapu kwa bega na shavu. Sikuuona. Kitu kirefu cha chuma, kimesimama mahali pake pa siku zote. Wanafunzi walicheka mpaka wakaishiwa nguvu, na kusema kweli ilichekesha, Mlingoti kugonga mlingoti. Mwende hakucheka. Alinishika mkono, akanipeleka hospitali jioni hiyohiyo, nikiwa bado na jezi.

Daktari alikuwa kijana, amechoka, shati limekunjwa mikono. Akaniambia niangalie pua yake na nisisogeze macho. "Nitaleta kidole kutoka kando. Sema ukikiona." Nikaangalia pua yake. Nikangoja. Nikamwambia, "Daktari, anza basi."

Akasema, "Nimeshaanza."

Mwende, aliyekuwa amesimama mlangoni, akatoka nje.

Daktari alishika mkono wangu, akaugeuza. Akauliza habari ya pete, nikamwambia ilikatwa. Akauliza habari ya viatu. Nikacheka, nikamweleza mnada wote, Mzee Mutua, vigelegele. Nilikuwa nangojea naye acheke. Aliandika tu, kichwa chini, halafu akaniandikia niende Nairobi nikapigwe picha ya kichwa.

Ile mashini ya picha sikutoshea. Miguu ilibaki nje, kijana wa pale akaifunika na shuka akisema pole. Waliona uvimbe chini ya ubongo, ukubwa wa goroli wanayochezea watoto, umekaa juu ya mishipa ya macho. Ndio uliokuwa unausukuma mwili uendelee kukua wakati haukuwa na mahali pa kukua. Hapo ndipo elimu yangu inaishia, mengine waulize wenye kazi yao. Kitu nilichosikia ni hiki: unaweza kutolewa kwa kupitia puani, na kila mwezi ninaongoja unakula sehemu ya macho ambayo huenda isirudi. Hawakuniahidi kwamba sitapofuka. Waliniambia tujaribu mapema.

Daktari wa Nairobi alitaka kujua ulianza lini. "Leta picha za zamani, au kitu chochote kinachoonyesha ulivyokuwa," alisema. Nikampigia Mwaitu simu.

Nilifika Kalamba siku ya pili mchana. Mwaitu alikuwa ametuma watu waite wanaume wote walionunua raba zangu. Walikuja mmoja mmoja, wengine wamevaa malapa, wamebeba viatu mkononi, wamevipangusa udongo kwa heshima. Mwaitu akatandika mkeka uani. Mzee Mutua akaweka zile za kwanza, zimeisha soli. Anayefuata akaweka zake. Tukavipanga kutoka mwaka wa kwanza, visigino vimeshikana mstari mmoja.

Ukiona kiatu kimoja huoni kitu. Ukiona vyote vimepangwa, vidole vinazidi kwenda mbele, kila mwaka, bila kukosa, wueh. Mwaitu alikuwa amesimama na kanga mdomoni, halafu akakaa chini, palepale kwenye mchanga.

"Nilikuwa nauza ugonjwa ya mtoto wangu," alisema. "Kanisani. Na nikipigiwa makofi."

"Mama Ndunge," Mzee Mutua alisema, "sisi ndio tulinunua."

Nilipiga picha kwa simu. Wale wanaume walikataa kurudi na viatu vyao. Walienda nyumbani na malapa, na wale wasiokuwa nayo, miguu mitupu.

Sasa ungedhani baada ya hapo nilikimbia hospitali. Sikukimbia. Fainali za ligi zilikuwa zinakaribia, na Kocha alikuja kuniona. Hakunilazimisha, sitamsingizia. Aliuliza tu, "Na ikingoja kidogo?" Hilo ndilo swali nililokuwa nataka mtu aulize. Mwaitu alikuwa anataka uvimbe utolewe leo leo. Kioko kwenye simu alisema, "Fanya unachoona," kwa ile sauti ya mtu ambaye ameshaweka mzigo chini. Mimi nikapanda gari nikarudi mazoezini, kwa sababu kama nitapofuka, nilijiambia, nipofuke nikiwa bingwa. Ujinga una maneno matamu.

Tukaanza mazoezi. Mwende akaleta mpira, nikasimama mahali pangu, nikangoja aniite. Mpira ukanipiga kifuani. Nikasema, "Hukuita." Akarudi nyuma, akaleta tena. Ukanipiga sikio. Wengine wakafungua mdomo waite, akawapigia kelele wanyamaze. Akaleta tena, machozi yanamtoka, na akatupa kwa nguvu, ukanipiga shingoni nikapiga magoti.

"Wewe una wazimu?" nilimuuliza.

"Mimi nimekuwa macho yako na sikujua," alisema. "Sasa najua. Siiti tena, Ndunge. Hata ukae hapo mpaka fainali, mimi siiti."

Nilimchukia hiyo jioni yote. Asubuhi nikaenda hospitali. Timu ilicheza fainali bila mimi, ikashindwa, na sijawahi kuingia uwanjani tena kama mchezaji.

Kungoja ndiko kunakomaliza mtu. Benchi za kliniki zimetengenezwa kwa watu wafupi. Magoti yangu yalikuwa yanafika kidevuni. Watu walikuwa wananiomba nifunge dirisha la juu. Siku moja nilikuwa nimekaa hapo, mwanamume mmoja akaja akakaa mbele yangu, mfupi, na nikashtuka kwa sababu alikuwa na uso wangu. Kidevu changu, paji langu la uso, midomo yangu, yale meno yaliyoachana. Naye alikuwa ananiangalia vilevile. Hakusema jina. Aliinua mkono, mimi nikainua wangu, tukaiweka pamoja kiganja kwa kiganja kama watoto, ikalingana.

Alikuwa fundi cherehani kutoka Mwingi. Vidole vyake havikuwa vinaingia tena kwenye mkasi, na wateja walikuwa wamemtoroka, wanasema amerogwa. "Wewe walikufanya nini?" aliniuliza. Nikamwambia, mimi walinipigia makofi. "Heri mimi," alisema, "nilijua kuna kitu kibaya." Alilala wodi ya wanaume wiki ileile niliyolala mimi. Nilipopata nguvu ya kutembea nilienda kumuulizia, nikakuta kitanda kimetandikwa upya. Muuguzi akaniambia hakuamka baada ya upasuaji. Sikuwahi kumuuliza jina lake.

Upasuaji wangu siwezi kukusimulia, nililala. Naweza kukusimulia kuamka. Pua imejazwa pamba, unapumua kwa mdomo kama samaki, umekatazwa kupenga, kuinama, hata kupiga chafya ovyo. Kiu. Nilikunywa maji mpaka nikamwogopesha msichana wa kuleta maji, na yote yanatoka. Kitanda ni kifupi, kwa hivyo miguu ilikuwa kwenye kiti. Mwaitu alikaa kando ya hicho kiti akinisugua nyayo, na kila mara alikuwa anapima kwa kidole gumba, akidhani simwoni. Na kweli nilikuwa simwoni, nilikuwa nahisi tu.

Kioko alikuja na uji kwenye chupa ya chai. Alikaa vizuri, alinilisha. Alipokuwa anaenda alisema, "Sikutishwa na sura yako, Ndunge. Ni kungoja nilichoka. Mtoto, nyumba, wewe urudi." Nilimwambia nimeelewa. Nilikuwa nimeelewa, na niliumia kuliko pua. Sasa ana mtu mwingine huko Mtito Andei na wana mtoto wa kike. Vile vipande vya pete sijui aliviweka wapi.

Siku ya kupimwa macho tena, daktari alileta kidole kutoka kushoto. Nikakiona. Kikiwa bado mbali, nikakiona kikija, nikapiga kelele mpaka watu wa nje wakasikia. Akaleta kutoka kulia. Nikangoja, safari hii sikumwambia aanze. Nilijua ameanza. Upande huo haujarudi na wameniambia nisiungojee.

Kabla sijaruhusiwa kwenda nyumbani nilimuuliza swali lililokuwa linanila. "Daktari, ule mchezo wangu. Ulikuwa wangu, ama ulikuwa wa ugonjwa?" Alisema hajui. Namheshimu kwa kusema hajui. Nililia siku nzima. Mwende alipokuja kuniona nikamuuliza yeye. Alikuwa anamenya ndizi.

"Ugonjwa ulikuwa unaamka kukimbia asubuhi na baridi?" aliuliza. "Ugonjwa ndio ulikuwa unajua kurusha mitupo huru? Basi mbona yule fundi wa Mwingi hakuwa bingwa? Kula ndizi." Nikala. Sijui kama ni kweli, lakini huwa nairudia hiyo ndizi nikizidiwa.

Hawakuutoa wote. Kipande kilichobaki kinalazwa na sindano, kila mwezi, kwenye tako, dawa nzito inayouma ikiingia. Tumbo linaharibika, nywele zinakatika. Dawa lazima ikae kwenye baridi, na kwetu hatuna friji, kwa hivyo mwenye duka la soda pale sokoni Kalamba alinipa sehemu ya chini ya friji lake. Aliandika kwa karatasi, "Dawa ya Mlingoti, usiguse." Hajawahi kuniambia niiondoe, hata wakati wa joto ambapo soda ndiyo biashara yake. Haya ndiyo mambo yaliyonibeba, na nayaandika kwa sababu wewe pia utayapata mahali usipoyatarajia.

Mavuno ya kwanza baada ya hospitali, Mwaitu hakuenda kanisani. Alisema ana homa. Alikaa jikoni amegeukia ukuta, na kelele za mnada zilikuwa zinatufikia.

Kilichofuata ni mwaka wa sindano. Sindano na kiangazi, sindano na mvua ya Novemba, sindano na maembe. Kila Jumamosi Mwaitu alikuwa ananiambia, "Vaa raba." Zile za mwisho, za msimu ambao sikuumaliza. Navaa. Anapiga magoti, anaingiza kidole chake nyuma ya kisigino. Kidole kikiingia anainuka na kwenda zake. Kikigoma kwa sababu ya soksi nene, anakuwa kama mgonjwa mpaka nizibadilishe. Nilipimwa damu, wakasema imetulia. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Vaa raba."

Mavuno yakaja tena. Safari hii alioga mapema, akafunga kitambaa kipya, akasema twende. Nilivaa raba zilezile. Tulikaa katikati, yeye upande wangu wa kushoto ili nimwone. Watu walienda mbele na mbaazi, na kuku, na mmoja na boga la kubebwa na watu wawili. Mwisho kanisa likanyamaza kidogo, kwa sababu hapo ndipo viatu vilikuwa vinakuja zamani, na kila mtu alikuwa anakumbuka na kujifanya hakumbuki.

Mwaitu akasimama. Alitembea mpaka mbele, hana kitu mkononi. Alichukua kipaza sauti, akaonyesha watu viganja vyake, huku na huku.

"Mwaka huu sina viatu," alisema. "Zile za mwaka juzi bado zinamtosha."

Hakukuwa na vigelegele. Mzee Mutua alisimama mahali alipokuwa, akavua kofia. Halafu nikasikia mabenchi upande wangu wa kulia, ule ambao hauna kitu tena, yakilia moja baada ya lingine. Nikageuza kichwa kizima. Walikuwa wamesimama wote.